Hamira, Sukari na Majani ya Kwenye Kioo

Madam aliniomba niandike ukurasa mmoja wa makabidhiano. Ukurasa mmoja, kwa miaka ishirini na miwili ya kulima ndani ya maji. Nikamwambia sawa, halafu nikashuka Mugumu mjini nikanunua kauntabuku nene ambayo ukimpiga nayo fisi anazimia. Kwa hiyo ninyi wawili mnaopokea mkasi wangu, kaeni vizuri. Mambo ya nani alipanda cheo lini na nani aliongezewa nini yamo ofisini kwenye faili, yamelala usingizi mzuri, tusiyaamshe. Mimi nitawaeleza yale ambayo faili haliyajui.

Kwanza mjue anayewaandikia ni msomi. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na watoto wanne, kwenye darasa la jioni, nikikaa dawati moja na fundi baiskeli na mama muuza dagaa. Biolojia nilipata alama ambayo sitaitaja, lakini mwalimu alinishika mkono mbele ya darasa zima na nusura aning'oe bega. Nasema hivi ili mtakapoona nimeandika neno kaboni msidhani nililiokota barabarani.

Nililetwa hotelini kufyeka nyasi, si kutunza mimea ya majini. Wiki ya pili, Madam, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza umeneja akitokea kwao Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, aliniita mapokezi. Pale palikuwa pameletwa tangi la kioo, refu kama lori la mizigo. Haya, tuseme mita tatu. Ndani yake kulikuwa na maji, mchanga, samaki wadogo kama sindano, na mimea hai ambayo mwenye hoteli aliiagiza mjini baada ya kuona kitu kama hicho safarini. Madam akaniuliza kama najua kulima. Nikamwambia mimi ni mtoto wa Itiryo, nilizaliwa na jembe mkononi. Akasema basi limia humo.

Nilipokwenda nyumbani kumsalimu baba nilimweleza kazi yangu mpya. Alisikiliza huku akichonga mpini. Akauliza kama mimea hiyo inaliwa. Nikasema hailiwi. Ng'ombe je, wanaila? Hawaili. Inatibu kitu? Haitibu. Alimaliza kuchonga mpini wote, akaupuliza vumbi, ndipo akasema, "Mura, kijana wangu, kwa hiyo wamekuajiri kupalilia magugu." Hata leo, baada ya miaka yote hii, jibu nililonalo si zuri sana.

Sasa sikilizeni kosa langu la kwanza, ili ninyi mtafute la kwenu jipya. Majani yalianza kuwa ya njano. Sisi watu wa Itiryo mmea ukinyong'onyea dawa yake ni moja, na inatoka nyuma ya ng'ombe. Nilichukua samadi kavu, safi kabisa, ya ng'ombe ninayemjua kwa jina, nikaijaza kwenye soksi, nikaifunga fundo na kuizamisha kwenye kona ambayo wageni hawaioni. Siku ya tatu maji yalikuwa rangi ya chai na samaki saba walikuwa wanaelea chali. Madam alisimama pale na kikombe chake mkononi.

"Chacha, hii maji imekuwa chai aje? Ama unataka wageni wakunywe?"

Kwa kuwa kilichoharibika kilikuwa ndani ya kioo, Madam aliita fundi wa vioo. Mnacheka, lakini ndivyo kazi yetu ilivyopata mwalimu. Fundi Sefu alikuwa mtu wa Tanga aliyehamia Mugumu miaka mingi, akikata vioo vya madirisha na fremu za picha nyuma ya msikiti. Kumbe ujana wake alifanya kazi kwa tajiri mmoja wa huko pwani aliyefuga samaki wa mapambo, na majani ya majini aliyajua kama sisi tunavyojua ng'ombe wa jirani. Kiswahili chake kilikuwa laini kiasi kwamba siku ya kwanza nilidhani ananiomba kitu. Mimi nikimjibu, yeye alidhani namgombeza. Alinusa maji, akanitazama, akaniuliza kwa upole kama nimefuga ng'ombe humo ndani.

Tulitoa kila kitu. Mchanga tuliuosha mara kumi na nne, na hapo sizidishi chumvi, kwa sababu ndoo nilibeba mimi. Aliniambia kwanza maji, halafu mchanga, halafu mwanga, mmea unafuata, na mtunzaji ni wa mwisho kabisa, kwa sababu mimea mingi inakufa kwa kutunzwa mno. Maji ya bomba yalale kwenye pipa siku nzima yapumue ile dawa yake ya klorini. Kila Alhamisi toa theluthi moja na urudishe theluthi moja, polepole, kwa mpira, siyo kwa ndoo kama unazima moto. Taa saa nane tu kwa siku. Ukiziacha zaidi, ule utelezi wa kijani unapanda kwenye kioo, na utausugua kwa mswaki hadi upate kibiongo.

Vifaa mtavikuta kwenye boksi la viatu. Ile koleo ndefu ya kupandia aliitengeneza Fundi Sefu kwa spoki mbili za baiskeli; wageni walituletea za dukani zinazong'aa, hazifiki hata nusu yake. Mkasi ni wa fundi cherehani, msikatie karatasi. Ile mipira myembamba ni ya dripu ya hospitali, mipya, yenye kigurudumu cha kubana, na faida yake mtaiona mbele.

Mtakutana pia na kuyeyuka. Mimea tunaikuzia nje, kwenye yale mabeseni nyuma ya hoteli, udongo ukiwa mbichi na nailoni juu, kwa sababu hewani inakua haraka. Lakini majani yaliyoota hewani hayajui maji. Ukiyazamisha yanalainika yote kama mlenda, shina linabaki uchi wiki mbili au tatu, ndipo yanaota mengine yenye akili ya majini. Mara ya kwanza Madam alitaka kung'oa yote atupe. Nilibandika karatasi kwenye kioo: USIGUSE, YANABADILI NGUO. Mgeni mmoja alilipiga bango hilo picha nyingi kuliko alizompiga simba.

Basi. Tufike kwenye hamira.

Mwaka wa pili Madam alitaka mmea mwekundu. Aliuona kwenye simu, mwekundu kama kanga mpya, akaupenda kuliko nilivyowahi kuona mtu akipenda kitu kisichoweza kumjibu. Tukaupata, tukaupanda katikati. Ndani ya mwezi ukawa rangi ya kahawia, halafu rangi ya huzuni. Fundi Sefu akasema huo una njaa, ila si ya mbolea. Unataka hewa ile tunayoitoa sisi puani, na kwenye maji yetu haitoshi. Ndipo akanifundisha chupa. Chukua chupa ya plastiki, weka vikombe viwili vya sukari, maji ya uvuguvugu, kijiko cha hamira. Toboa kifuniko, pitisha mpira wa dripu, ziba kwa silikoni. Ncha nyingine ya mpira iingie kwenye tangi. Hamira inakula sukari, inatoa hewa, hewa inapita kwenye mpira, mmea unakula hewa.

Saa nne baadaye vipovu vikaanza kupanda. Siku ya tano majani yenyewe yalikuwa yamejaa vitone vya hewa vinavyong'aa, jani zima kama limevaa shanga. Mwekundu akawa mwekundu hadi ukisimama karibu uso unapata rangi. Madam alihamisha meza yake ili aone tangi. Kila wiki nilibadilisha chupa, nikamwaga machicha yaliyobaki nyuma ya mabeseni, nikaanza upya. Nilifanya hivyo miaka mitatu.

Hapa lazima niwaambie jambo langu mwenyewe. Mimi ujana wangu nilikuwa mlevi, na si mlevi wa kuokotwa mara moja. Nilikuwa mlevi wa kutajwa, kuanzia Itiryo hadi Gorong'a. Watu walikuwa wakieleza njia kwa kutaja nilipolala. Niliacha siku moja, nikabatizwa, na mke wangu Nyangi alikubali kuolewa na mimi kwa sharti moja tu, nanyi mnalijua. Sisi Wasabato tunasali Jumamosi, na kwetu pombe hatuinywi, hatuiuzi, wala hatumbebei mtu. Baada ya miaka mingi ya kunitazama kwa jicho la pembeni, kanisa lilinifanya shemasi. Kubeba mfuko wa sadaka, kupanga viti, kufungulia watu mlango. Kwenu inaweza kuonekana kazi ndogo. Kwangu ilikuwa barua, iliyosomwa kila Sabato mbele ya watu wote, ikisema Chacha hajarudi kule.

Mzee wetu wa kanisa alikuwa Mzee Wambura, ambaye shamba lake linapakana na uzio wa hoteli. Alikuwa na beberu jekundu, kubwa kama ndama, lenye tabia ya kupita popote. Mnajua ninakoelekea.

Ilikuwa Sabato mchana. Mzee Wambura alikuwa na wageni, ndugu zake waliovuka kutoka Kenya, wamekaa chini ya turubai wanakula. Beberu likaingia uani likitembea kwa ubavu. Likasimama, likalitazama pipa la maji kwa hasira, likarudi nyuma na kulipiga kichwa. Pipa likashinda. Beberu likakaa chini kama mtu, miguu mbele, likalala na kukoroma. Inasemekana kabla ya hapo liliimba. Hilo silithibitishi, ila pia silikanushi.

Kesho yake asubuhi Mzee Wambura alifuata nyayo zake, akapita kwenye tundu la uzio na kufika kwenye kidimbwi cha machicha yangu. Mimi nilikuwa namwagilia mabeseni. Akachovya kidole, akakinusa.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Salamu yako naiweka kwanza. Shemasi, beberu langu limelewa."

"Limelewa nini, mzee?"

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe."

Nikaanza kueleza kaboni. Niliieleza vizuri, kwa mpangilio wa kidato cha nne, na kila nilipoendelea uso wake ulizidi kukunjamana. Akaniuliza maswali mawili tu. Humo mna sukari? Ipo. Mna hamira? Ipo. Akasema amesikia dukani kwamba shemasi wake ananunua sukari na hamira kila wiki, miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kuona nyumbani kwake hata andazi moja. Kisha akaniambia baraza la kanisa litakaa Jumapili inayofuata, na kwamba kama ni kweli napika pombe, jina langu litafutwa kwenye kitabu cha washiriki.

Wiki hiyo nilipungua kilo thelathini. Tuseme mbili. Nyumbani Nyangi hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja, akiwa anapepeta mtama, bila kuinua macho: "Umeonja?" Nikamwambia sijaonja. Akaendelea kupepeta.

Nilikuwa nimeonja. Chupa ikiacha kutoa mapovu, kuna mambo mawili: ama hamira imekufa, ama sukari imeisha. Ikiwa bado tamu, hamira imekufa, ongeza hamira. Ikiwa kali, sukari imeisha, mwaga uanze upya. Na namna ya haraka ya kujua ni ulimi. Nilifanya hivyo mwaka wa kwanza wa chupa. Ilipogusa koo nilijua hapo hapo ni nini, kama mtu anavyomtambua rafiki mbaya kwa kikohozi tu. Nikajifunza kupima kwa kutikisa chupa, na sikumwambia mtu.

Jumapili nilikwenda na chupa kama ushahidi, na Fundi Sefu kama shahidi. Alikuja amevaa kanzu na kofia, akasalimia kwa adabu hadi baraza likasahau kidogo kwamba lina hasira. Akaeleza kuwa hiyo ni kazi ya ufundi, kwamba yeye ndiye aliyenifundisha, na kwamba yeye ni Mwislamu na asingeweza kumfundisha mtu kupika kileo. Mzee Wambura akamshukuru. Halafu akasema tuna mtaalamu, tumsikilize mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa Mama Ghati. Sasa hivi anaongoza akina mama kuimba, lakini kabla hajaokoka moshi wake, ile gongo ya kienyeji, ulikuwa na sifa Gorong'a nzima. Watu walivuka mito. Akafungua kifuniko, akanusa mara moja. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akakisugua, akanusa tena.

"Hii ni pombe," akasema. "Tena mbaya. Mpishi wake hajui kazi."

Watu wakacheka, ila mimi nilikuwa namtazama Fundi Sefu. Hakucheka. Aliitazama ile chupa kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu yake si ndugu yake. Akasema kwa sauti ndogo sana kwamba alijua inatoa hewa, hajawahi kufikiria kinachobaki. Kwamba chupa hizo alikuwa akiziosha kwa mikono yake na kwenda msikitini. Mzee Wambura, ambaye alikuwa amekuja kunihukumu mimi, alisogea kwenye benchi, akamshika Fundi mkono, na wakakaa hivyo kidogo, wazee wawili wa dini mbili, wametiwa aibu na kijiko cha hamira.

Halafu akanigeukia. "Chacha." Hakuniita shemasi. "Umewahi kuionja?"

Nyangi alikuwa amekaa benchi la nyuma. Ningesema hapana, jambo lingeisha. Mtaalamu alishasema mpishi hajui kazi, Fundi alishasema ni ufundi, na nusu ya baraza walikuwa tayari upande wangu kwa sababu ya kicheko. Hapana moja tu, na ningerudi na mfuko wangu wa sadaka.

"Nimeonja," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Moja. Na nusu."

Hakuna aliyecheka. Walinitoa nje, wakajadiliana muda mrefu kuliko mahubiri ya makambi, wakaniita. Jina halitafutwa. Ushemasi nimesimamishwa miezi mitatu, nikae benchi la nyuma. Na chupa hiyo isiwashwe tena; kama kazi yangu haiwezekani bila kupika pombe, nitafute kazi nyingine. Baada ya miezi mitatu wataangalia wenyewe, kwa macho.

Njiani Nyangi alitembea mbele yangu hatua kumi. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama, akanisubiri.

"Hiyo nusu ilikuwa ya nini?"

"Nilitema."

Akasema wakati mwingine nikitema nimwambie siku hiyo hiyo, siyo baada ya miaka mitatu na mbele ya Mama Ghati. Tukaingia ndani.

Basi chupa zikazimwa. Wiki ya kwanza mwekundu hakusema kitu. Wiki ya pili ncha zikawa kahawia. Ya tatu utelezi ukamkalia, na Madam akaleta katalogi ya majani ya plastiki, akaiweka juu ya tangi niione. Alisema hana ubaya na mimi, ila mwenye hoteli hawezi kuonyeshwa mchicha uliooza. Nilijaribu kila kitu. Nilipunguza taa. Niliongeza samaki ili wapumue zaidi. Saa ya chai nilipuliza kwa mdomo kwenye mpira hadi wageni wakaniuliza kama naumwa.

Aliyeniokoa ni yule yule aliyenichongea. Mama Ghati alikuja kuuza nyanya jikoni, akapita mapokezi kuona hicho kitu kilichosumbua kanisa. Akasimama mbele ya kioo, mikono kiunoni. Nikamweleza upya, bila kidato cha nne safari hii. Kwamba pombe siitaki, ninachotaka ni yale mapovu tu.

"Povu tu ndilo unalotaka?" akasema. "Si ungesema."

Enzi zake za biashara, alinieleza, wateja walikuwa wakiamka na matumbo yanawaka. Yeye aliwawekea kikombe cha maji ya magadi na kuwakamulia ndimu. Inachemka yenyewe bila moto, inafoka, mtu anakunywa, anacheua, tumbo linatulia, anaagiza tena. Akaingia jikoni akaomba magadi ya maharage na ndimu mbili, akanionyesha kwenye glasi. Ilifoka hadi mezani.

Mimi na Fundi Sefu tulikaa siku tatu kwenye karakana yake, naye alifanya kazi kama mtu anayelipa nadhiri. Chupa ya chini ina maji ya magadi. Chupa ya juu ina maji ya ndimu yaliyochujwa kwa kitambaa. Kati yake mpira wa dripu na kile kigurudumu, tone moja, hesabu hadi ishirini, tone jingine. Hewa inatoka kwa mpira wa pembeni kwenda kwenye tangi. Maji ya chupa yenyewe hayaingii kabisa. Zimeni dripu mnapozima taa, usiku mimea haihitaji na samaki watakosa pumzi. Ndimu ziwe za juisi, zile ngumu kama mawe wapeni watu wa jikoni. Ukiona foka kubwa ghafla, umefungua kigurudumu kwa haraka, na dari litakusimulia. Ndiyo mashine mnayoikuta leo. Fundi Sefu hatunaye tena, lakini silikoni ya kwenye vile vifuniko ni ya mkono wake, na haijawahi kuvuja.

Baada ya siku nitakayomalizia nayo hadithi hii, nilibadilisha maji kila Alhamisi kwa miaka kumi na saba zaidi. Majani yaliota, nikayakata. Hayo hayana hadithi, na nashukuru Mungu kwamba hayana.

Miezi mitatu ilipotimia baraza zima lilikuja hotelini, Jumapili asubuhi, watu tisa wamevaa nguo za ibada. Madam aliwakaribisha viti. Wageni kadhaa waliokuwa wanasubiri gari la mbugani wakadhani ni sehemu ya huduma, wakasogea na kamera. Mwekundu alikuwa amerudi; si kama zamani, ila majani mapya matano ya juu yalikuwa yamewaka, kila moja limevaa shanga zake. Nyangi alikuja pia, akasimama karibu na mlango.

Mzee Wambura alitembea kando ya tangi kutoka mwanzo hadi mwisho. Akachuchumaa kuangalia mashine. Akataka kujua magadi yametoka wapi, nikamwambia. Ndimu je? Za kwa Mama Ghati. Akauliza kama hii hailewi mtu. Nikasema hailewi. Akatafakari, akasema neno langu amelisikia, lakini safari iliyopita pia alilisikia neno la watu wawili waaminifu, na kumbe hawakujua. Akamwomba Madam kikombe.

Nikamtengenezea pale pale, magadi chini, ndimu juu. Ikafoka. Akasubiri itulie, akafumba macho kama anaomba, akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Alikunja uso, akaukunjua. Akashika kifua. Halafu akatoa mcheuo ambao naapa ulitikisa maji ndani ya kioo, samaki wakageuka upande wa pili wote kwa pamoja.

Akafuta ndevu kwa leso. Akasema tumbo lilikuwa linamsumbua tangu Alhamisi. Kisha akaninyooshea kikombe.

"Shemasi," akasema, "nijazie tena."